Kiganja Utosini

Kitambaa cha kuwakaribisha wageni alikifuma Bi Mikono mwenyewe. Alipewa uzi mwekundu na mweupe, akaambiwa herufi ziwe kubwa, zionekane tangu barabarani, naye akakaa na mashine yake asubuhi nzima mpaka neno KARIBUNI likatoka limenyooka kama limepigwa pasi. Wakakitundika juu ya lango la kiwanda, kisha wafumaji wakapangwa mistari miwili wapige makofi.

Wageni wakashuka kwenye basi la kampuni wakikodoa macho. Walikuwa wafumaji kutoka nchi nyingine. Kampuni ilikuwa imefunga kiwanda chake cha huko na kuhamishia mitambo huku. Mashine zilitangulia, watu wakafuata. Kila mmoja alipewa soda baridi, koti jipya la kazi, na viatu vipya ndani ya boksi. Afisa utumishi, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa amewauliza saizi za miguu yao kwa simu hata kabla hawajapanda ndege.

Hilo la saizi ndilo lililomchoma Bi Mikono.

Yeye siku yake ya kwanza mlinzi alimuuliza, "Wewe ni wa nani?" akamwacha juani mpaka midomo ikamkauka. Viatu alivyopewa viliachwa na mwanamke aliyeolewa akahama mji. Cha kushoto kilikuwa kikubwa, ikabidi akijaze matambara. Hakuna aliyemwonyesha choo, naye kwa haya hakuuliza. Alijibana kutwa nzima, akafika nyumbani anatembea kama mwenye gauni la kubana.

"Makofi gani hayo," rafiki yake aliyesimama kando alimnong'oneza, "unapiga kama unaua mbu."

"Mikono imechoka kuwafumia karibu yao," akajibu.

Rafiki yake akacheka. Yeye hakucheka.

*

Hosteli ya wageni ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo kampuni ikatafuta wafanyakazi wa kuwapokea majumbani kwao mpaka mabati yafike. Mume wa Bi Mikono, ambaye kiwanda kizima kilimwita Fundi kwa kuwa ndiye aliyetengeneza mashine, alinyoosha mkono kwanza, akaja kumuuliza mkewe baadaye.

"Chumba cha Chiriku kitamtosha," alisema. Chiriku alikuwa binti yao mdogo, aliyepachikwa jina hilo kwa kusema bila kituo. "Mtoto atalala na bibi yake. Na wanaleta godoro jipya, mke wangu. Akiondoka, godoro linabaki."

Ndivyo Mgeni alivyoingia katika nyumba yao. Jina alikuwa nalo, ila lilikuwa refu na gumu, na kila aliyejaribu kulitamka aliishia kucheka, hata mwenyewe. Akabaki Mgeni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno machache sana ya lugha yao, na yote aliyatamka kwa tabasamu, yakiwemo neno "samahani" na neno "moto".

Mama mkwe alimtazama alivyovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akamtolea kiti. "Keti, mwanangu," alimwambia. "Umechoka na safari."

Bi Mikono alikuwa ameshika sufuria. Akasimama nayo hapo hapo. Yeye alipikia nyumba hiyo tangu alipoolewa, na kwa miaka aliitwa "wewe," na mbele ya watu "mke wa mwanangu". "Mwanangu" alilipata siku alipojifungua Chiriku, na hata baada ya hapo lilikuwa neno la siku njema tu. Huyu hajafungua begi, keshapewa.

Siku zilizofuata Mgeni akawa anaamka anafagia uwanja. Chochote alichopakuliwa alikila chote. Bibi alipomsimulia magonjwa ya magoti yake alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa mahali panapofaa ingawa hakuelewa hata neno.

"Mama amepata mkwe asiyejibu," Fundi alitania. "Ameomba miaka yote."

Wote wakacheka, na Mgeni naye akacheka kwa kuwaona wanacheka. Bi Mikono akasema kuna kitu kinaungua jikoni, akaenda. Hapakuwa na kitu kinachoungua.

*

Ndani ya ukumbi wa kufumia sauti ya mtu haina kazi. Mashine hunguruma tangu zamu inapoanza mpaka inapokwisha, na anayetaka kusema husema kwa mikono. Vidole viwili vikigongana, uzi umekatika. Kusugua kiwiko, msimamizi anakuja. Kuzungusha kidole tumboni, twende tukale. Hakuna aliyejua nani alianzisha. Mwanamke aliyeitwa Bi Mikono aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na ishara nyepesi na safi kama zake. Walisema akisengenya kwa mikono unaweza hata kusikia lafudhi.

Ofisi haikuhesabu mambo hayo kuwa ni kazi. Afisa utumishi aliwafundisha wageni ghorofani, katika chumba chenye feni. Akawaeleza namna ya kuomba ruhusa, pa kukimbilia moto ukitokea, na nani wa kumwona mshahara ukichelewa. Yote yalitafsiriwa vizuri kwa lugha yao. Mwishoni akafunga kwa tabasamu: "Mengine mwenyeji wako atakuonyesha."

Mwenyeji wa Mgeni, nyumbani na kazini, alikuwa Bi Mikono.

Na mwanzoni alimfundisha vizuri. Mgeni alikuwa mfumaji wa kweli, vidole vyake vilijua uzi. Kilichomsumbua ni kuwa kwao walitumia taa za rangi, si mikono. Kila asubuhi alikuja na kuuliza, "Dada, leo ipi?" naye Bi Mikono humpa moja au mbili. Aliihifadhi ile ya kiganja juu ya utosi, kwa kuwa hiyo desturi yao ni kuifundisha siku mashine imefunguliwa, ili mtu aone kwa macho yake. Kiganja utosini maana yake ni kwamba kuna mtu ndani ya mashine, usiwashe. Zamani vilikuwapo vibao vyekundu vya kutundika kwenye swichi. Vilivunjika kimoja kimoja, ofisi ikaahidi vingine, na ahadi ikazeeka. Kilichobaki ni viganja. Fundi akiingia chini ya mashine, wote wanaomwona huweka mkono utosini kumwonyesha kila anayeisogelea swichi.

Lakini kuna jambo ambalo Afisa hakulijua, na Mgeni vilevile. Bi Mikono na Fundi walichumbiana ndani ya ukumbi ule bila neno. Fundi alikuwa akija kutengeneza mashine yake isiyo na ubovu wowote. Kisha akabuni ishara isiyokuwapo kiwandani: akivuta ncha ya sikio, anasema nakusubiri langoni. Na walipooana waliendelea nyumbani. Walisemeshana kwa mikono juu ya kichwa cha mama mkwe: chumvi imezidi lakini kula, leo amekasirika, usimjibu, nitakupa pole baadaye. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu, mikono ndiyo ilikuwa chumba chao cha nne, na ndicho pekee kilichokuwa na mlango wa kufunga.

Jioni moja walikuwa wanakula. Bibi alikuwa jikoni akifuata maji ya kunywa, hatua zake zikasikika zikirudi. Mgeni akamtazama Fundi, akasugua kiwiko: msimamizi anakuja.

Fundi alicheka mpaka tonge likampalia. Chiriku akacheka akaanguka kwenye mkeka. Bibi akaja akauliza mnanicheka nini, wakazidi kucheka. Mzaha ule ulikuwa wa Bi Mikono. Aliubuni katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, siku alipokuwa karibu kulia, na ndio uliomwezesha kubaki.

Alitoa vyombo kabla watu hawajamaliza. Fundi alimfuata uani, bado anafuta machozi ya kicheko, akamsifu. "Umemfundisha vizuri, aisee."

"Nimemfundisha kazi. Sikumfundisha kuongea na wewe."

"Sasa aongee na nani, maskini, na lugha hana?"

Bi Mikono aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

*

Kesho yake Mgeni akaja na swali lake. "Dada, leo ipi?"

"Kesho," alisema Bi Mikono.

Na kesho yake akasema kesho. Mgeni hakulalamika. Alirudia zile alizokuwa nazo, peke yake, kando ya mashine yake, kama mtoto anayehesabu.

Ndipo mashine ya mwisho wa ukumbi ikakwama, Fundi akaingia chini yake, viganja vikapanda utosini ukumbi mzima. Siku ya kumfundisha ikawa imefika. Mgeni aliona mikono yote iko vichwani, akageuka kumwuliza mwenyeji wake kwa macho. Bi Mikono aliyaona macho yale. Akainama kwenye uzi wake kama aliyepoteza kitu.

Mgeni akatafakari kidogo. Mtu wa mbali alikuwa akimtazama akiwa na mkono kichwani. Basi naye akaweka wa kwake kichwani, akatabasamu, akainamisha shingo kwa adabu. Mfumaji wa mbali akadhani ameelewa, akageukia kazi yake. Aliyejua kwamba hajaelewa ni Bi Mikono peke yake. Aliliona tabasamu lile kwa pembe ya jicho. Hakuna anayetabasamu akiitoa ishara ile.

Akajiambia atamweleza. Kesho.

*

Iliyofuata kukwama ilikuwa mashine ya Mgeni mwenyewe. Alikuwa amekwenda stoo kuchukua uzi. Fundi akaja, akaikuta imesimama, akazunguka nyuma, akalala chali na kuingiza mkono kwenye gia. Kwa mbele hakuonekana hata soli ya kiatu. Wafumaji wa karibu wakaweka viganja utosini, naye Bi Mikono, aliyekuwa upande wa pili wa njia, akaweka.

Mgeni akarudi amekumbatia uzi. Akaiona mashine imetulia, akadhani imepona. Akainua macho, akamwona dada yake anamtazama na mkono uko utosini.

Uso wake ukachangamka. Siku nyingi dada yake alikuwa hajamtazama sawasawa. Akauweka uzi chini, akapandisha kiganja chake utosini, akatabasamu tabasamu pana kuliko yote aliyowahi kutoa katika nchi ile, na kwa mkono wa pili akabonyeza swichi.

Bi Mikono alipiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia. Aliruka njia, akampiga Mgeni kikumbo, akazima. Mashine ikazunguka kidogo tu, kisha ikasimama. Kidogo kile kilitosha. Fundi alitoka nyuma akitambaa, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, anautazama kwa mshangao kama aliyeokota mkono wa mtu.

Kidole cha shahada kilikatika kwenye kiungo cha kwanza.

*

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amegeuka. Mgeni alisimama mlangoni bila kuvua viatu, maana hakujua kama bado anaruhusiwa kuingia. "Mtu tumempa godoro," bibi alisema, si kwake bali kwa ukuta, "tumempa chumba cha mtoto. Yeye ametupa nini?" Kisha akamvuta Bi Mikono kifuani, akampapasa mgongo kwa mikono yake yenye harufu ya dawa ya magoti. "Pole, mwanangu. Pole sana, mwanangu."

Neno lilikuja mara mbili, na wala haikuwa siku njema. Bi Mikono aliliacha limpite kama mtu anayepishana na mdai wake njiani.

Mgeni aliingia chumbani kupanga vitu vyake. Kazini walikwisha mdokeza kwamba yuko kwenye muda wa majaribio, na mtu wa majaribio aliyekata kidole cha mwenzake hurudishwa kwao, kwenye kiwanda kilichofungwa. Alivirudisha viatu vyake vipya ndani ya boksi, soli kwa soli, akafunika na karatasi yake. Chiriku alimtazama kutoka mlangoni, kisha akamwendea mama yake jikoni.

"Mama, kwani yeye haijui hii?" Akaweka kiganja utosini. "Mbona hata mimi naijua?"

"Nenda kacheze," mama yake alisema.

*

Waliitwa ofisini wote wawili, Mgeni na Bi Mikono. Afisa utumishi alikuwa na macho mekundu. Aliwapenda wageni wake. Msimamizi alikaa kando yake, mtu mzima aliyeanzia kwenye mashine kabla ya kupewa meza, na sikio lake moja lilikwisha kufa kwa kelele.

Afisa alimuuliza Mgeni, pole pole, kama mwenyeji wake alimfundisha ishara za ukumbini.

"Ndiyo," alisema Mgeni. "Dada alifundisha. Zote. Dada mzuri sana." Akatafuta maneno. "Mimi nilibonyeza haraka. Kosa langu."

Hakuwa akimkinga mtu. Aliamini alilosema, na ndiyo maana lilimwingia Bi Mikono mahali ambapo lawama isingefika. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake. Alitakiwa kunyamaza tu, kazi ambayo kwa siku kadhaa alikuwa ameifanya vizuri mno. Mgeni angepanda basi, chumba cha Chiriku kingerudi, na neno "mwanangu" lingebaki lake peke yake.

Akageuka kwenye kiti, akamtazama Mgeni, akaweka kiganja utosini.

Mgeni, pamoja na huzuni yake, akatabasamu. Akaweka chake. "Karibu," alisema kwa adabu, akamgeukia Afisa kumweleza. "Hii maana yake karibu."

Afisa hakuelewa. Msimamizi alielewa. Aliegemea nyuma taratibu mpaka kiti kikalia.

"Hukumfundisha," alisema.

"Sikumfundisha. Na nilimwona anaikosea, nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

Alikuwa na maneno mengi. Jua la siku ile langoni, mzaha wa kiwiko, tonge lililompalia mumewe. Alipofungua kinywa likatoka moja. "Alipewa viatu vya saizi yake."

Lilisikika dogo katika chumba kile. Afisa alitazama chini ya meza, kwenye miguu ya Bi Mikono, akaviona viatu vilivyokunjika ncha.

*

Mgeni akabaki kazini. Bi Mikono aliondolewa kwenye mashine, akapelekwa chini ya ngazi kuchambua mabaki ya uzi, kazi ya wanaoanza na wanaomalizia. Alimwambia mumewe mwenyewe, kwenye benchi la hospitali, kabla watu hawajamwambia.

Fundi alisikiliza akiutazama mkono wake uliofungwa bandeji. "Ungejua ni mimi nitakayeingia, ungemfundisha?"

"Ningemfundisha. Naapa."

"Kwa hiyo angekuwa fundi mwingine, sawa."

Tangu siku hiyo Fundi alimsemesha mkewe kwa mdomo tu. Alisema chumvi iko wapi, mtoto amekula, mlango ufungwe. Mikono yake ilikaa mapajani, ule mzima kwa ule mgonjwa. Bibi alipopata habari alirudi kwenye "wewe". Mgeni ndiye hakubadilika. Labda kwa kuwa maneno hayakumtosha kukasirika, labda kwa kuwa aliwahi naye kumwonea mtu kijicho katika nchi yake. Aliendelea kufagia uwanja. Ila asubuhi moja alimsogelea Bi Mikono, akasimama mbali kidogo, akauliza kama zamani, "Dada, leo ipi?"

Bi Mikono alikaa chini kwenye kizingiti akalia. Alipomaliza, akamfundisha zote zilizobaki. Isipokuwa ya sikio. Hiyo hata yeye hakujua kama bado ipo.

*

Mabati ya hosteli yalipofika, basi la pili la wageni likaja. Kitambaa kilitundikwa tena, wekundu umeanza kufifia, na wafumaji wakapangwa mistari miwili. Wa chini ya ngazi hawakuitwa. Bi Mikono alitoka hata hivyo, nywele zimejaa vumbi la uzi, akapita katikati ya makofi mpaka kwenye mlango wa basi. Afisa utumishi, ameshika chupa za soda, alifungua kinywa kumzuia, kisha akakifunga.

Wa kwanza kushuka alikuwa kijana mwanamke mwenye begi la kamba. Bi Mikono alimshika mkono, akaunyanyua kwa upole, akamwekea kiganja utosini mwake mwenyewe. Msichana akacheka. Bi Mikono hakucheka. Alitikisa kichwa, akautuliza uso wake mpaka msichana naye akautuliza wa kwake.

Ndipo Mgeni akatoka kwenye mstari, akasimama kando ya dada yake, akaanza kusema kwa lugha yao. Bi Mikono hakuelewa neno hata moja, lakini aliona nyuso za wageni zikibadilika. Mgeni alinyoosha kidole kuelekea langoni, na wote wakageuka kumtazama mwanamume aliyesimama pale ameegemea nguzo, amerudi kazini juzi tu, mkono wa kulia mfukoni.

Fundi aliona macho yote yako kwake. Akautoa mkono mfukoni waone. Wageni, mmoja baada ya mwingine, wakaweka viganja utosini, na safari hii hakuna aliyetabasamu. Makofi yakakatika yenyewe.

Mkono wa Fundi ulikuwa bado uko hewani. Alimtazama mkewe juu ya vichwa vya watu, kwa muda, kama anayepima kitu kizito kabla ya kukinyanyua. Kisha akaupeleka kwenye sikio. Dole gumba lilitafuta kidole cha shahada, likakikosa, ncha ya sikio ikateleza. Akajaribu tena. Ikateleza tena. Akaushusha mkono, akautazama, akaunyanyua upya, na kwa dole gumba na kidole cha kati, kwa shida, kama mtu anayejifunza, akaishika ncha ya sikio lake na kuivuta.